Mashimo Aliyoyanusa Baba Mkwe

Kikosini walimwita Pua. Mimi nilimwita Baba, kwa kuwa nimemwoa bintiye. Kwa miaka ishirini na sita alifukua na kuziba mabomba ya gesi. Sisi wengine tukishinda shimoni, pua zetu huzoea harufu hadi tusijue kama gesi bado inavuja. Yake haikuzoea. Kazi ikiisha alilala kifudifudi, akanusa kiungo, akasema, "Funikeni." Kanuni inataka bomba lipakwe maji ya sabuni, litazamwe kama linatoa mapovu. Sisi tuliona hiyo ni kupoteza muda, Pua si yupo! Ulikuwa uvivu mtupu, na tuliuita heshima.

Mwaka jana homa ilimlaza wiki tatu. Akapona, lakini hakunusa tena kitu. Alimwambia mkewe peke yake, akamwapisha asitoe siri. Alibakiza mwaka mmoja astaafu, na bila ile pua angekuwa mzee tu mwenye magoti mabovu. Nampenda, lakini hilo bado linaniuma.

Juzi asubuhi, mtambo uliokuwa ukichimba mtaro wa maji ulitoboa bomba mbele ya duka la fundi cherehani. Tulifunga vali, tukakata kipande kibovu, tukaunga kipya, tukafungulia gesi. Baba akalala, akanusa, akainuka akijipangusa vumbi.

"Funikeni."

Tukashika sepetu, tukaanza kufukia. Fundi cherehani akatoka, futi ikining'inia shingoni.

"Jamani, mbona bado inanuka?"

"Mama, mwenye pua ameshasema," mwenzetu mmoja akamtania.

Msimamizi akamtazama Baba. Baba akainamisha uso. Basi tukafukua upya, tukapaka sabuni. Kwa upande wa chini, pale mtambo ulipokwaruza na sisi hatukupaona, mapovu yakatokota kama uji.

"Sinusi kitu," Baba akasema. "Tangu ile homa."

Msimamizi akauliza taratibu, "Mashimo mangapi, mzee wangu?"

"Arobaini na moja."

Akaanza kuyataja, mtaa kwa mtaa, bila daftari. Masikini, kumbe alikuwa akitembea nayo yote kichwani. Nilimwonea huruma, hasira ikinipanda papo hapo. Alipofika la kumi na tisa akanigeukia.

"Pale kwenu, baba."

Nikalikumbuka. Nililifukia mimi mwenyewe, huku napiga soga, na ndoo ya sabuni ilikuwa hatua mbili tu kutoka niliposimama.

Nikatoka shimoni, nikasogea mbali, nikampigia mke wangu. "Mchukue mtoto mtoke nje. Sasa hivi. Usiwashe kitu, usizime kitu."

"Kuna nini? Baba ameumia?"

Sauti yake ilisikika hadi shimoni. Baba akanyoosha mkono, akiomba simu.

Sikumpa.