Maili ya Nyasani

Kila siku isipokuwa Sabato, Jemimah alimwona mumewe akifanya kazi. Hakuhitaji kwenda mbali. Alisimama tu mlangoni mwa jikoni, kwa maana barabara ilipita chini ya migomba yao, mbele kidogo ya Kiogoro. Baraza la wilaya lilimpa Nyasani maili moja ya udongo aitunze: azibue mitaro, afukie mashimo, afyeke majani. Maili moja, mtu mmoja, jembe na karai.

Kazi ile haikuwa na pa kujificha. Majirani ndio waliolipa kodi ya baraza, na kila aliyepita alijiona tajiri wake. Diwani Onyancha alipotoka kanisani alisimama akaelekeza fimbo yake.

"Nyasani, jiwe hili nililiona hapa kabla ya mavuno. Umelioa?"

Watu walicheka, na keshoye jiwe halikuwapo. Nyasani hakuona vibaya. Alimwambia mkewe kwamba ni afadhali kuchekwa na anayekujua.

Mwishoni mwa mwaka wa sitini na tisa habari zikaja kuwa barabara, shule na zahanati zinaondolewa mikononi mwa mabaraza, na kodi pia, vyote viwe vya serikali kuu. Wafanyakazi waliitwa mjini kwa barua, kuandikishwa upya. Siku iliyowekwa ilikuwa Jumamosi.

Diwani wa kwao asingeiweka siku hiyo hata kwa kusahau, kwani kilima kizima kilikuwa cha washika Sabato. Lakini aliyeandika barua alikaa mbali, na kwake Jumamosi ilikuwa siku kama siku nyingine.

Nyasani aliishika ile barua jioni mbili. Alitaka kwenda. Jemimah ndiye aliyemzuia, kwa upole, akimwita kwa jina la binti yao kama kawaida.

"Sabato si yetu tuigawe, Baba Nyangate. Nenda Jumatatu. Wanaokujua hawawezi kukukataa kwa siku mbili."

Jumatatu alikuta karani mgeni. Orodha ilikwisha kwenda Nairobi. Nyasani alieleza kwamba alikuwa kanisani, na kwamba baraza lilimjua miaka tisa.

"Baraza lilikujua, mzee," karani akasema, wala si kwa ubaya. "Mimi nina karatasi tu."

Onyancha alikuja kuwapa pole. Alikaa na kofia magotini, akakataa chai. Alisema madiwani wameachiwa kiti na jina. Sasa hawezi kumwajiri hata mtu wa kufagia soko.

Ndipo barabara ikaletewa watu wapya. Lori lilishusha nyapara mmoja, Obwocha, na karani wa kuandika waliohudhuria, na vibarua wanane. Dereva na utingo walibaki ndani wakilala. Jemimah aliwahesabu kutoka mlangoni. Walifyeka mbele ya lori hadi jua la saa sita, wakapanda, wakaenda zao, na miezi ikapita kabla hawajaonekana tena. Hakuna aliyewajua kwa jina, wala wa kuwauliza kama wameoa jiwe.

Nyasani aliendelea kushuka na jembe lake bila mshahara, mpaka siku moja Obwocha akamkuta mtaroni. Alimwita baba, kwa heshima, kisha akamwambia kwamba hii ni mali ya serikali, na akikutwa tena anachimba atapelekwa kwa chifu. Nyasani alilitundika jembe. Likaota kutu, naye akaanza kukaa akiipa barabara mgongo.

Masika ya mwaka wa sabini na mbili yalikuwa makali. Sabato moja wakielekea kanisani, Nyasani katika koti lake la pekee, walikuta bomba lililopitisha maji chini ya barabara limezibwa na magogo ya migomba. Maji yalipanda juu ya barabara yakawa yanateremkia nyumba ya Bitutu, mjane aliyelea wajukuu. Nyasani hakuyatazama maji. Alimtazama mkewe.

"Ng'ombe ametumbukia kisimani, Mama Nyangate."

Jemimah alilijua andiko. Bwana mwenyewe aliuliza ni nani asiyemtoa ng'ombe wake siku ya Sabato. Akapokea Biblia na koti.

"Mtoe," akasema.

Nyasani aliingia, maji yakamfika kifuani, akavuta magogo kwa mikono mitupu. Nyumba ya Bitutu ilisalimika. Walifika kanisani wimbo wa mwisho ukiimbwa, naye akakaa benchi la nyuma akitona maji. Juma lile kichomi kilimshika. Juma lililofuata walimzika upande wa juu wa barabara, penye migomba.

Kuna jambo ambalo Jemimah hakumwambia mtu, hata mchungaji. Alimwuliza Mungu peke yake kama ile orodha nayo ilikuwa ng'ombe kisimani, na yeye ndiye aliyekataza atolewe.

Baada ya mazishi lori lilikuja. Obwocha alitoa pole zake, kisha akauliza bomba la maji liko wapi, maana karatasi ilisema lipo na hawajawahi kuliona. Jemimah aliteremka nao akawaonyesha. Maji yalikuwa yakipita vizuri. Karani akataka kujua ni nani aliyelizibua, aandike.

"Nyasani," akasema.

Karani akapitisha kidole kwenye orodha, juu hadi chini, kisha akakifunga kitabu.