Chungu Alichobeba Wifi

Wifi yangu aliondoka kwetu Kisoko, Uganda, na vitu viwili ambavyo havikuwa vyake: chungu cha mama yangu na sifa za mama yangu. Chungu ningeweza kumsamehe.

Mama aliuza mandazi miaka mingi, na wifi, mke wa kaka yangu, alijifunzia kukanda unga jikoni kwake. Nyonga ilipomlaza mama kitandani, wifi akahamia Busia upande wa Kenya, akafungua kibanda cha vioo na kuandika juu yake "Donati za Kimarekani". Mteja akiuliza asili ya donati hizo, anatoa simu na kumsomea: Waholanzi walikaanga unga wao, wakavuka nao bahari, Wamarekani wakautoboa shimo ili uive mpaka katikati, sasa dunia nzima inakula. Nilisimama pale nikamsikiliza akiizunguka dunia nzima bila kupita Kisoko. Unga ulikuwa wa mama, ladha ya mama. Kipya kilikuwa shimo, na shimo ni kitu gani?

Nikamuuliza mbele ya wateja ni nani aliyemfundisha.

"Aki wifi, si nilijisomea tu kwa simu," akajibu, akanikabidhi donati moja nionje, kama mgeni.

Nyumbani mama aliuliza jambo moja tu. "Alisema ni nani alifundisha yeye?"

Nikamdanganya kwamba wateja walikuwa wengi, hatukupata nafasi ya kuongea. Akageukia ukutani. Hapo ndipo nilipoapa kwamba wifi atanitambua.

Mama alikuwa na vyombo viwili vya chachu. Chungu alikianzisha kwa machicha ya malwa, pombe yetu ya wimbi, na mandazi yake yalikuwa ya sisi watu wa kanisani. Beseni la bluu lilikuwa la ndizi mbivu tupu, kwa ajili ya mteja mmoja wa Busia, mama wa Kiislamu ambaye mumewe ana malori. Mama hakuchanganya vyombo hivyo hata mwiko. Wifi alielezwa yote haya, lakini wifi ukimweleza jambo macho yake yako kwenye simu. Alibeba chungu kwa sababu kiliumua unga upesi.

Binti wa yule mama wa Busia alipokaribia kuolewa, mama mtu alinipigia simu kwa furaha. Alisema kwa kuwa mama yangu anaumwa, yeye ameagiza donati za nikaha kwa wifi. "Si ni mkono ule ule wa nyumbani kwenu, mwanangu?"

Ningeweza kumwambia pale pale. Nikampongeza tu. Nilitaka watu wajae kwanza.

Na walijaa. Nilijipamba, nikaketi upande wa wanawake, nikangoja sinia zizunguke. Wifi alisimama mlangoni akipokea pongezi, hadi mmoja akamuuliza siri ya ulaini ule. Nikainuka. Nikasema, kwa sauti iliyofika jikoni, kwamba siri ni machicha ya malwa na chungu ni cha mama yangu.

Wanawake walitema kwenye leso zao. Wifi alinitazama, kisha akatoka mbio bila viatu. Kibanda chake hakikufunguliwa tena. Nasema wazi, nilifurahi. Hadi leo nikikumbuka vile viatu vyake pale mlangoni, moyo wangu unapoa.

Wageni walipopungua, mwenye shughuli alinivuta kando.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu uliponipigia."

"Mama yako amenitengea beseni miaka yote hii. Wewe umeniacha nile, mimi na binti yangu, siku yake ya nikaha."

Akarudi kwa wageni wake. Hajanipigia simu tena.

Siku hizi mama anatembea kwa mkongojo. Kila Alhamisi anaponda ndizi kwenye beseni la bluu, kwa kuwa Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya mteja wake. Jioni ya Ijumaa mandazi yako pale pale, yamefunikwa kitambaa.

"Huyu mama wa Busia hakuji tena," aliniambia wiki iliyopita. "Ni mke wa kaka yako aliharibia mimi?"

Nikamjibu ndiyo, ni yeye.