Ndoto Iliyotiwa Chupani

Kibiti hakuna friji la duka lisilo na chupa za Tulizo. Ni soda ya matunda ya mabungo, rangi yake manjano iliyokoza, na kwenye karatasi ya chupa kachorwa mwanamke aliyejitanda kanga, anatabasamu. Sihaba binti Gharibu humwona mwanamke huyo kila siku, chupa tupu zikiwa zimetupwa mtaroni mbele ya kibanda chake, na kila siku hujiuliza anachekea nini.

Soda ile ilizaliwa jikoni kwake. Miaka kumi na mbili iliyopita alishikwa na homa, akalala siku tatu hajui jua wala kivuli. Mchana wa siku ya tatu aliota yuko kwao, visiwani kwenye delta. Maji yalikuwa yamejaa mpaka kizingitini, na mikoko imeingia ndani ya nyumba, imesimama kimya kama wageni wanaosubiri kukaribishwa. Mama yake, Mwanamina, ambaye alikwishafariki, alikuwa ameinamia kitu, moshi unamzunguka. Akageuka, akampa kata ya kinywaji cha manjano. Sihaba akanywa. Alipozinduka homa ilikuwa imemtoka, na ladha ile bado iko ulimini.

Alimsimulia mumewe, Bwanaheri, ambaye wakati huo alikuwa mkata tiketi stendi.

"Basi kitengeneze, mke wangu, tukione," Bwanaheri akasema.

Akakitengeneza. Aliponda mabungo, akatia tangawizi, akatia iliki, akaonja, akamwaga, akaanza tena, mpaka siku moja ladha ya ndotoni ikaja yenyewe. Abiria wa Lindi wakawa wanateremka kabla basi halijatulia, wanauliza yuko wapi mama wa mabungo.

Kampuni ilipoandikishwa, Bwanaheri alimletea karatasi. "Cheti cha afya hiki. Weka dole hapa." Sihaba hakupata kukaa darasani hata siku moja, akaweka dole. Karatasi ile ilisema kinywaji ni mali ya Bwanaheri peke yake, tangu wazo mpaka chupa. Hayo aliyajua mwaka uliofuata, mwenyekiti wa kitongoji alipomsomea, na talaka alikuwa nayo mkononi. Matangi ya chuma yalikuwa yamekwishafika kutoka Dar. Yeye aliondoka na nguo zake, pamoja na mtungi wa mama yake ambao hakuna aliyeutaka.

Mtungi huo ndio anaouzia juisi mpaka leo, glasi kwa glasi, kando ya barabara ya Ikwiriri. Kila asubuhi huupindua juu ya makaa aliyotupia vipande vya mkoko na chembe ya ubani, akauacha unywe moshi. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake pia. Kwao mtungi hufukizwa kama uso unavyonawishwa, na hakuna mtu anayekaa akafikiri kwa nini ananawa uso.

Asubuhi moja wakati mtungi uko juu ya moshi, alikuja binti wa ofisini, kashika faili kifuani.

"Shikamoo, mama. Naitwa Warda, natoka Tulizo. Kampuni inatimiza miaka kumi, tunaandika historia yake."

"Marahaba. Na mimi mnaniandika nini, marehemu?"

Warda akacheka kidogo, kisha akaona aibu. Sihaba akamwonyesha kigoda. "Kaa. Nisomee."

Binti akasoma. Alisoma vizuri, sauti yake inateleza, na Sihaba akajikuta anaelea ndani yake. Kulikuwa na nyumba iliyojaa maji. Kulikuwa na mikoko. Kulikuwa na kata ya kinywaji cha manjano. Halafu maneno yakamgonga: "Ndivyo Bwana Bwanaheri alivyoota, na alipoamka, Tulizo ikazaliwa."

Kampuni Sihaba alikwishaizoea, kama mtu anavyozoea jino lililong'oka. Nyumba aliisahau. Lakini kwenye ndoto ile alikuwamo mama yake, na sura yake hakuibakiza mahali pengine popote, hata kwenye picha.

"Bwanaheri alikuwa stendi anakata tiketi," alisema taratibu. "Aliyelala ni mimi."

Warda aliinamisha kichwa. "Mama, nikwambie ukweli. Soda hainunuliwi kama zamani. Watu wanasema ina utamu lakini haina kitu ndani. Mzee kanituma nikuulize, ulikuwa unatia nini kingine?"

"Nilimpa vyote. Hata mimi niliionja hiyo soda, nikashangaa imepungua nini." Hapo hakusema uongo. Miaka yote alikuwa akijiuliza.

Upepo ukageuka, Warda akapaliwa na moshi. "Mama, mbona unauchoma mtungi?"

"Siuchomi, naufu…"

Mbele yake moshi ulipanda mwembamba, wa buluu, na ndani yake alimwona tena mama yake ameinama. Safari hii akakiona alichokuwa amekiinamia. Alikuwa amekipindua, mdomo chini, anakizungusha polepole juu ya makaa.

Akamgeukia Warda. "Andika hivi. Aliyeota ni Sihaba binti Gharibu. Aliyempa kata ni mama yake, Mwanamina. Ikirudi imepigwa chapa hivyo, nitamtajia kilichopungua."

Warda aliandika mbele yake, akamsomea mara mbili.

Wiki iliyofuata alirudi na kijitabu kinachong'aa. Hakukaa. "Nilimwandikia vilevile, mama. Amefuta kwa mkono wake. Anasema nani atanunua homa ya mwanamke. Lakini anasisitiza umtajie."

Sihaba akakipokea kijitabu, akakipapasa. Jalada lilikuwa na yule mwanamke wa kanga. Akakilaza kigodani kifudifudi, akachota glasi ya juisi mtungini, akampa binti.

Warda alikunywa. Alifumba macho, akakaa hivyo kama mtu anayesikiliza wito wa mbali. Alipoyafumbua, aliutazama mtungi, akayatazama makaa yaliyokuwa bado yanafuka, kisha akamtazama Sihaba.

"Mimi moshi hunisumbua macho," alisema, akarudisha glasi. "Hapa sijaona kitu. Nimwambie nini, mama?"

Sihaba akaufunika mtungi kwa kawa.

"Mwambie arudi kulala. Aliyeota mwanzo wake, na aote kilichobaki."