Siti ya Martina

Watu wa matanga walikuwa wametawanyika. Mzee Zefania wa Mungaa akawasha gari aende kununua chumvi ya ng'ombe, na gari likamdai mkanda wa abiria.

Abiria hakuwepo.

Kwenye dashibodi iliwaka ile taa nyekundu, picha ya mtu mwenye mkanda kifuani. Mzee hakusoma hata darasa moja, lakini picha ile aliijua kama anavyoijua chapa ya ng'ombe wake. Huwaka mtu anapokaa siti ya mbele kushoto bila kufunga mkanda. Ukikawia kufunga, kengele inalia. Aliitazama siti. Ilikuwa na kitenge ambacho marehemu mke wake, Martina, alikitandika mwenyewe, na juu ya kitenge hapakuwa na kitu, hata kifurushi.

Kengele ikaanza kulia.

Akasimamisha gari, akanyoosha mkono, akauvuta mkanda juu ya siti tupu na kuuchomeka. Kengele ikanyamaza. Akaenda kununua chumvi.

Gari lile watoto walimnunulia mama yao alipoanza kuumwa moyo. Dogo, la rangi ya fedha, limeinuka kiasi cha kuruka mashimo ya njia ya Mungaa, nyuma lina mlango wa kunyanyua unaomeza magunia ya vitunguu na tenga la kuku. Zefania alikuwa dereva wa trekta tangu ujana, kwa hiyo usukani haukumpa shida. Kilichomshangaza ni yule mwanamke wa ndani. Gari lilitoka Japani, na kila ukiwasha swichi sauti ya kike hutoka kwenye dashibodi, nyororo, ikisema maneno asiyoyajua mtu yeyote kijijini.

Martina aliamua kwamba ile ni salamu.

"Marahaba, mwanangu," alikuwa anajibu kila asubuhi.

"Unamjibu nani?" Zefania alimuuliza siku ya kwanza.

"Binti wa watu katoka Japani yote hiyo, anatuamkia, tumnyamazie? Wewe ndiye hukufundishwa adabu."

Na jambo jingine. Zefania hakupenda mkanda. Alisema unamkaba kama ng'ombe wa mnada, akauchomeka nyuma ya mgongo wake ili kengele isimlilie. Basi kila walipoikaribia kona ya mawe, pale wanapopenda kusimama matrafiki, Martina alikuwa anainama kutoka siti yake, anauchomoa mkanda nyuma ya mumewe na kumfunga kifuani, kimya, huku akitazama mbele. Naye Zefania alijibu neno lile lile: "Nimesikia, Mama Asnath."

Katika siti hiyo ya kushoto ndimo Martina alimofia. Kifua kilimbana asubuhi, wakaondoka kwenda hospitali mjini. Zefania, mtu wa maneno machache, siku hiyo aliongea njia nzima. Aliongea habari za alizeti, za paa la jikoni, za ndama mweupe. Walipofika, nesi alifungua mlango wa kushoto, akamshika Martina shingoni, akaufunga tena mlango polepole.

Ukoo wa Martina una desturi yake. Mwanamke akifa, kabla watu hawajanyoa nywele, dada yake wa tumbo moja hukaa kila mahali alipozoea kukaa marehemu. Anakaa, anasema, "Nimepokea, nenda," anainuka. Mahali pakiachwa hivi hivi, mwenyewe haondoki. Dada yake Martina, Bibi Eliana wa Ihanja, alifanya yote. Alikaa kwenye kigoda cha jikoni, akakaa kitandani, akapelekwa kanisani akakaa kwenye benchi, hata lile jiwe la kusagia mtama alilikalia. Gari lilikuwa nyuma ya zizi, limefunikwa turubai. Nani angekumbuka kwamba gari nalo ni mahali pa kukaa?

Zefania alikumbuka. Alikumbuka siku ile ile ya chumvi, mkono ukiwa bado kwenye mkanda. Hakumwambia mtu.

Akaanza kupata safari. Mtu aliyekuwa hatoki zizini sasa anakwenda barabarani kuangalia kama mvua imenyesha upande wa pili. Asubuhi anapangusa vioo, anafunga mkanda wa kushoto, anawasha. Binti wa Japani anasema yake, halafu kimya kidogo, kama mtu anasubiriwa ajibu. Kioo cha kushoto kilikuwa kinaweka ukungu hata jua likiwa kali, doa dogo tu, chini kidogo, usawa wa mdomo wa mwanamke mfupi. Jioni akishuka, kitenge kimebonyea. Siti aliyoisukuma nyuma apakie mfuko wa pumba, kesho yake ameikuta imevutwa mbele, kama Martina alivyopenda.

Hakuogopa. Alikuwa anaendesha taratibu, asimrushe.

Asnath, binti yao anayekaa Mandewa mjini, ndiye aliyeogopa. Alikuja kumwona baba yake, mzee akampokea kwa gari kwenye barabara ya lami. Asnath akashika mlango wa mbele.

"Kaa nyuma," baba yake akasema.

"Kwa nini, Baba? Kuna mzigo?" Akachungulia. Akauona mkanda umefungwa juu ya kitenge. "Umemfunga nani hapa?"

"Mama yako."

Asnath akacheka. Kisha akauona ukungu kwenye kioo, unakuja na kupotea, unakuja na kupotea, na kicheko kikamkatikia. Alikaa nyuma hadi nyumbani, mkoba kifuani. Kushuka tu akasema, "Hili gari liende kwa fundi. Likitoka huko linauzwa. Mimi nitatafuta mteja."

Fundi Laurian wa Mandewa aliingiza kichwa chini ya siti, akatoka nacho kimejaa vumbi.

"Mzee, hapa kuna waya inayosikia uzito. Imechoka, inadhani kuna mtu."

"Inadhani?"

"Inadhani. Hata mke wangu huwa anadhani kuna mtu, nikichelewa kurudi." Akacheka peke yake. Akakata waya, akamwonyesha ncha zote mbili. "Basi. Hata ukimpakia askofu haitalia."

Zefania akageuza gari kurudi Mungaa. Hakufunga mkanda wa kushoto, maana waya ilikuwa imekatwa. Nyumba za mwisho za mji zilipopita, taa nyekundu ikawaka. Kengele ikalia. Akafunga mkanda. Kengele haikunyamaza. Ilikuwa haijawahi kufanya hivyo. Ililia kwa kasi, kama mtu anayegonga mlango kwa viganja. Kwa kutojua la kufanya akageuza gari, sura ikaelekea mjini.

Kimya.

Akageuza tena kuelekea nyumbani. Ikalia.

Akazima gari pembeni ya barabara, upepo unatikisa alizeti. Hapo ndipo alipoelewa. Martina hakuwa amekaa naye. Martina alikuwa anakwenda hospitali. Aliingia ndani ya gari kifua kimebana, apelekwe, na tangu siku hiyo hajafika. Mumewe anamzungusha na chumvi, anamzungusha na pumba, na kila jioni anamrudisha alikotoka. Na sasa Asnath anatafuta mteja. Mgeni atalichukua gari aende nalo asikokujua mtu, na Martina ndani yake.

Aliweka paji la uso kwenye usukani. Kumtoa ilikuwa lazima. Ila akimtoa, siti itakuwa siti tu.

Kesho yake akaenda Ihanja.

Bibi Eliana alikuwa anaanika mboga. Aliliona gari likiingia uani, akaiona sura ya mzee, akafuta mikono.

"Shemeji, umekonda. Huko hakuna anayekupikia?"

"Shemeji, kuna mahali hukukaa."

Eliana akamtazama. Akalitazama gari. Akashika kiuno.

"Ee Mungu wangu. Na wewe umejua tangu lini?"

Zefania akachezea funguo za gari.

"Umemficha mdogo wangu humo kama kuku wa wizi!"

"Nilikuwa peke yangu," Zefania alisema.

Eliana alizunguka upande wa pili wa gari. Alifungua mlango wa kushoto, akavua ndala, akapanda. Akakaa bila kufunga mkanda. Zefania akazungusha swichi. Binti wa Japani akasema yake. Taa haikuwaka. Kengele haikulia. Gari lilijua yuko mmoja tu hapo, Martina, naye hakudai kitu, maana amefikishwa kwa dada yake.

Eliana akajisogeza mlangoni, bega likagusa kioo.

"Pamebana, shemeji," alinong'ona.

"Sema maneno."

"Martina. Ni mimi dada yako. Umefika. Nimepokea, nenda."

Hakuna kilichotikisika. Kuku walikuwa wanaparua uani. Ukungu kwenye kioo ukaja, ukakaa kidogo, ukaondoka na haukurudi. Kisha, ingawa waya ilikuwa imekatwa, taa nyekundu ikawaka na kengele ikalia, ile ya kawaida, ya mtu yeyote.

"Hiyo ni yangu sasa," Eliana alisema, akashuka huku machozi yanamtoka. "Uza, usiuze, ni gari tu."

Zefania alirudi peke yake. Siti ilikuwa kimya kila alipoigeuzia macho, kitenge kimelala sawasawa. Alikuwa hajui kwamba ukimya ni mzito hivyo. Alipoingia lami aliufungua mkanda wake mwenyewe, ule ambao Eliana alimlazimisha kuufunga uani. Kengele ikaanza kumlilia yeye. Akaiacha. Angalau kuna sauti.

Ililia kupita mashamba, ikalia kupita mnadani. Alipoikaribia kona ya mawe, ikanyamaza.

Mikono yake miwili ilikuwa kwenye usukani. Hakutazama kiunoni. Hakutazama kushoto. Aliendesha vile vile, taratibu, hadi Mungaa, akaliingiza gari nyuma ya zizi, akazima, akafungua mlango ateremke.

Mkanda ukamshika.

"Nimesikia, Mama Asnath," alisema.