Pitagora na Chanja ya Ndagala

Juzi niliwasikia wanafunzi wa Rumonge, mji wetu wa kando ya ziwa, wakieleza kanuni ya Pitagora kwa Kifaransa, wakijivuna bila kuelewa neno. Niliwadharau kwa sababu nawajua: nilikuwa hivyo.

Alasiri moja, enzi zangu za shule, mama alikuwa akiunda chanja ya kukaushia ndagala, dagaa wa ziwani, harufu ya samaki imejaa uani. Nikamkariria kanuni nzima bila kupumua.

"Na hiyo iko na kazi gani, mutoto wangu?"

"Mama, hii ni ya wasomi."

Akapima mikono mitatu upande huu, minne ule, akavuta kamba ya mikono mitano kati ya ncha zake, kona ikakaa mraba sawasawa. Ilikuwa kanuni yangu yenyewe; nikadhani ni ushirikina wa wauza ndagala.

Kwenye mtihani wa kanuni hiyo nilipata ishirini juu ya ishirini. Leo naifundisha, na mlango wa nyumba niliyoipima mwenyewe, bila kamba ya mama, haufungiki.