Spika ya Tata Ndongala na Kiraka Kisichoombwa

Makengo wa mtaa wa Masina hakusomea ufundi popote, na jambo hilo alilitangaza kama cheo. Wenye vyeti, alisema, wanajua jina la kila skrubu. Yeye skrubu ndizo zinazomjua jina. Redio, pasi, feni, hata jino la jirani aliwahi kulitia koleo. Kwa hiyo Alhamisi ile mzee Ndongala, tata kwa kila mtu mtaani, alipoingia uani kwake amekumbatia spika kama mtoto mwenye homa, Makengo hakuuliza hata inaumwa wapi.

Ndongala ni mpiga likembe, kile kinanda cha ndimi za chuma kinachochezwa kwa madole gumba, na lake kalitia umeme. Jumamosi mchana mama Luzolo angemaliza matanga ya mama yake, na marehemu alikuwa ameacha neno: aagwe kwa likembe la Ndongala, si kwa kingine. Lakini kaka yake mama Luzolo, mtu wa matarumbeta, alishaapa kuwa likembe likizima tu, bendi yake inaingia. Na spika ilikuwa imezima tangu Jumatano.

"Rudisha sauti basi," mzee alisema. "Kwingine usiguse."

"Tata, unaniletea mgonjwa halafu unanichagulia pa kumpapasa?"

Makengo akaifungua. Akagusisha betri ya tochi kwenye miguu ya spika: kimya. Akaona uzi wa waya umekatika pale unapoingia kwenye koni, ile karatasi inayotetemeka, akaukwangua, akauunga kwa risasi iliyoyeyushwa, akagusa tena. Koni ikaruka, tap. Kazi ilikuwa imekwisha, na mtu mwenye adabu angekunywa maji akalala.

Ila koni ilikuwa na mpasuko wa urefu wa kidole, na Makengo hawezi kuona tundu akaliacha. Akachana karatasi ya chooni, akailoweza kwenye gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, akabandika nyuma tabaka moja, mbele moja, akaianika kivulini. Ikatoka laini kama shavu la bibi harusi.

Jumamosi akakaa mstari wa mbele kabisa, miguu kaitanua, akiwaeleza majirani kwamba sauti watakayoisikia imetoka mikononi mwake. Ndongala akalipiga likembe. Sauti ikatoka safi, tamu, imenyooka.

Hakuna aliyeinuka kucheza.

Dada za marehemu, waliokwisha kujifunga vitambaa viunoni, walibaki vitini wakitazamana. Mkubwa wao akasema, bila kupaza sauti, "Ndongala, dada yetu hakuwa mtu wa kanisa la kizungu. Hiyo sauti haiendi aliko."

Maana likembe lisilonguruma halijapigwa. Wazee walizitia ndimi vipete ili zikwaruze. Ndongala vipete vilishamwanguka zamani, na kwa miaka kumi na miwili ule mpasuko ndio uliokuwa ukimngurumia. Nyuma ya ukuta tarumbeta moja lilianza kujikohoza.

Ndongala akaacha likembe. Alimtazama Makengo tu, na Makengo, ambaye matusi ya mtaa mzima humteleza kama maji mgongoni mwa bata, akahisi shingo inamchoma. Akainuka, akajikung'uta suruali.

"Mama zangu, tulieni," alisema. "Dawa hii ina vidonge viwili. Mmemeza kimoja."

Akaomba wembe. Akapiga magoti mbele ya spika, mgongo kwa watu wasimwone, akakitafuta kiraka kwa ncha ya ukucha. Akafuata mpasuko wa zamani kwenye njia yake ileile, asizidishe hata unywele, maana koni ikichanika zaidi tarumbeta lina ushindi. Kijasho kilimtiririka mpaka kwenye gundi yake mwenyewe.

"Piga, tata," akanong'ona.

Ndongala akagusa ulimi mmoja. Spika ikanguruma kama mzee anayeamshwa mapema. Dada mkubwa alikuwa wima kabla ya ulimi wa pili, na mama Luzolo nyuma yake, analia na kiuno kinakwenda. Tarumbeta likakohoa mara moja zaidi, likanyamaza.

"Nilikukataza kugusa," Ndongala alimwambia baadaye, wakigawana kwanga, mkate wa muhogo, na samaki.

"Na nisingegusa, tata, nani leo angejua kwamba unahitaji fundi?"

Mzee akamnyang'anya kichwa cha samaki.