Vidukari wa Ghorofa ya Tisa

Fundi cherehani wa ghorofa ya tisa, huku kwetu Busan, Korea, hupanda saladi sebuleni, na kila asubuhi huyapekua majani upande wa chini kama askari wa forodha. Vidole vyake vimejaa vidonda vya sindano, lakini hageuzi jani likachubuka. Akiona vidukari, wadudu wadogo wafyonzao majani, hapigi yowe. Hukoroga kiini cha yai na mafuta ya kupikia, akazimua kwa maji, akawanyunyizia. "Karibuni mezani, waheshimiwa," huwaambia, "hiki ndicho chakula chenu cha mwisho."

Leo mwenyekiti wa jengo, Bi Pyo, alikuja na kioo cha kukuzia: akimwona mdudu mmoja tu, vyungu vyote vya saladi vinakwenda jalalani. Akapekua mpaka kiuno kikamuuma, asipate kitu.

"Wamejificha hawa," akanung'unika.

"Wamejificha kaburini, dada!" Fundi akachuma jani, akaliosha, akafungia ndani yake wali, nyama na pilipili ya kusaga, akamsogezea mdomoni. Kwetu tonge la kulishwa kwa mkono halikataliwi wala halimegwi; huingia zima kinywani. Mheshimiwa mashavu yakamfura, machozi yakamtoka, hukumu ikamkwama kooni. Alipomeza akafungua tena mdomo, ila si kwa kusema: alitaka la pili.